Samaki Wetu Weupe Hawana Sumu

Masaka, Kicukiro,
Kigali, Rwanda.
Jumapili, 22 Juni 2025

Mpendwa mpwa wangu Natacha,

Nakusalimu kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umeushika kiwiko kwa heshima, ingawa wewe ni mtoto na mimi ndiye mjomba. Msomi husalimiwa hivyo hata na mkubwa wake. Hujambo, mama? Baridi ya Uholanzi imekuachia masikio? Na chakula je? Mama yako anasema huko watu saa sita mchana wanakula mkate mkavu na jibini, halafu wanarudi kazini bila aibu. Nilimwambia hiyo si habari ya kumwambia mtu aliyelelewa kwa ndizi na maharage, maana utakosa usingizi wewe na mimi pia.

Sisi wazima kwa neema ya Mungu. Kiangazi kimeshuka, vumbi la barabara ya Kabuga linaingia hadi kwenye sukari. Goti la mama yako Joselyne limepata nafuu, Jumapili iliyopita alipanda ngazi za kanisa bila kushika mtu. Mke wangu Mukunde alikohoa wiki moja, akanywa tangawizi, akapona. Mimi unanijua, siumwi. Malaria iliniingia mara moja nikiwa kijana kule Buyenzi, Burundi, ikakaa siku mbili, ikaugua yenyewe, ikaondoka.

Utashangaa kuona karatasi. Sababu ya kwanza, padre mmoja wa hapa anasafiri kuja huko Jumanne, na mkono wa padre haukwami mtandao. Sababu ya pili, simu yangu iko ndani ya bwawa tangu mwezi wa nne. Watu wanasema ilinidondoka nilipoinama. Mimi najua ni Prefe, lile dume letu kubwa la samaki tulilolipa cheo cha mkuu wa mkoa, aliyeruka akaimeza, kwa sababu siku mbili mfululizo niliisikia ikiita, na mlio ulikuwa unahama kutoka kona hii ya bwawa hadi kona ile.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa. Achille ndugu yako ameniambia hupokei tena simu ya mtu yeyote wa Masaka, na kwamba Julai huji. Natacha, Achille alikuletea nusu ya habari. Aliondoka mkutanoni katikati kwa sababu ya kuwahi basi la Kacyiru, kana kwamba wizara anakofanya kazi itafungwa asipofika hata Jumamosi. Hiyo nusu aliyokupa ni ya kweli, siikatai. Lakini mtu akikuletea mguu mmoja wa kiatu, usiseme umevaa.

Ngoja nianze pale ulipoachia wewe.

Unakumbuka Noeli, ulipokaa juu ya jerikani kando ya bwawa ukanieleza kazi yako. Ukasema ndani ya kila seli ya samaki kuna kitabu kikubwa cha maagizo, na kitabu hakitoki nje, kinatolewa nakala tu. Nakala ikifika mahali pake, agizo linatekelezwa. Halafu ukasema kuna molekuli ndogo ndogo mno, zinazopita zikikamata nakala fulani, zikainyamazisha au zikaichana kabla haijatekelezwa. Na kwamba bila hizo ndogo, yai la samaki linaanza vizuri, mkia unatokea, lakini ubongo haujikunji inavyotakiwa, na mtoto hafiki mbali. Hata rangi ya ngozi, kiasi gani cha weusi, wapi njano, wapi ule mng'ao wa kioo, hizo ndogo zina mkono wao humo.

Mimi shule iliniacha darasa la nane, lakini siku ile nilielewa kuliko walimu wako wote. Nilielewa kwa sababu nimeoa. Mimi nikikaa na wageni, maneno hupanda kifuani kama nakala zako, moja baada ya nyingine, na Mukunde yuko pembeni yangu, chini ya meza, na kucha zake mbili. Neno likitaka kutoka ambalo halifai, ananifinya. Neno linafia mdomoni. Wageni wanaona mzee mwenye busara, hawajui ni maneno mangapi yamekufa ili mzee huyo atokee. Basi molekuli zako ni Mukunde. Samaki hafanywi na maagizo yaliyosemwa tu, anafanywa pia na yaliyofinywa.

Ulicheka hadi ukashika maji usianguke, na hapo ndipo ulipotia mikono bwawani ukanawa tope. Mugenzi, mchuuzi wetu, alikuwa ng'ambo akipakia samaki, akaona. Sikuwaza kitu.

Mwezi wa kwanza nilikuwa Kabuga kwa mchoma mishikaki, na Mukunde hakuwepo. Wakaniuliza habari za mpwa wangu wa Ulaya. Nikaeleza. Nilisema Natacha anaweza kuzima rangi ya samaki kwa ukucha wa kidole cha mwisho. Nikasema Wazungu wamemjengea nyumba ya ghorofa, imejaa samaki aliowazima, na akipita wanampisha. Si uongo ule, ni ukweli niliouchuma kabla haujaiva. Siku moja utaiva, nami nitakuwa nimeshauza.

Machi vifaranga wapya wakatokea, na kundi zima kati yao lilikuwa jeupe. Weupe wenye wekundu kama kiganja cha mtoto mchanga. Wale wengine weusi kama kawaida, wote maji mamoja, mama mmoja. Mugenzi, ambaye ndiye anayetuuzia samaki Kabuga, alisimama pale akatazama, akakumbuka mikono yako, akakumbuka na mishikaki yangu. Akasema kitu kimoja tu.

"Silvère, ile mpwa yako ilizima samaki yetu."

Ukijua Kabuga, unajua neno kama hilo halipandi pikipiki, linatembea kwa miguu na bado linafika kabla ya basi. Wiki mbili baadaye hakuna mteja aliyetaka samaki wa Masaka, mweusi wala mweupe. Walisema kuna dawa. Kutoka dawa likawa sumu, na hapa kwetu sumu si neno la mchezo, unajua mwenyewe. Hata bia mtu hakupi kabla hajainywa yeye kwanza mbele yako.

Hapo ndipo Achille akakupigia, na wewe ukanipigia ukilia. Ulichoniambia siku ile nilikishika vizuri, kabla simu haijaliwa. Ulisema huwezi kuapa bila kupima, lakini kwa maelezo yangu, huenda hizo ndogo zako hazina hatia yoyote. Ulisema Prefe ndiye baba wa kila samaki pale, halafu akawaoa mabinti zake, halafu wajukuu, na kama kitabu cha ukoo wake kina ukurasa wa weusi uliochanika, kwa muda mrefu ukurasa mzima wa upande wa mama ulikuwa unauficha, mpaka walipokutana wawili wote wenye ukurasa uliochanika. Basi hakuna nakala, hakuna weusi. Na samaki mwenyewe mzima, nyama yake nyama.

Sasa ile siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, mwisho wa Aprili, mtaa mzima kwenye kazi ya pamoja. Tulikuwa tumefyeka mifereji, na baada ya kazi mkutano ukakaa pale pale kwenye ukingo wa bwawa, chama chetu kizima cha wafugaji samaki, na kila mtu jembe mkononi. Zingatia hilo jembe. Mugenzi alizingatia.

Akasema tusipoteze muda, watu wako hapa na majembe yako hapa. Tuvunje ukingo leo, maji yaende bondeni, samaki wote wazikwe na chokaa, tupande viazi vitamu. Mwaka ujao Kabuga watakuwa wamesahau. Nikaona vichwa vinakubali. Natacha, bwawa lile nililichimba na hawa hawa, kiuno changu kimo ndani yake. Niliacha udereva wa lori kwa ajili yake. Bila bwawa mimi ni mzee mwenye gambuti tu.

Nikasimama. Nikawaeleza molekuli. Niliwapa zile ndogo, niliwapa kitabu, nikawapa Mukunde na kucha zake. Walicheka, na kucheka ni nusu ya kuelewa. Nikafika kwa Prefe na mabinti zake.

"Yesu wangu," akasema mama mmoja nyuma. "Na mabinti zake?"

"Na wajukuu," nikasema.

"Na sisi tunamwita Prefe!"

Mugenzi hakucheka. "Maneno iko mazuri, Silvère. Lakini maneno yako ndiyo ilituleta hapa. Nani ataonja?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Mukunde alikuwa amekaanga weupe wawili, akawaleta kwenye sinia na ndizi. Kama ilivyo desturi, mwenyeji ndiye anayeonja wa kwanza. Nikaonja. Nilikula ubavu mzima na mfupa wa mgongo nikautafuna, wasije wakasema nimetema.

"Wewe mjomba yake," Mugenzi akasema. "Atakupa sumu bila kukupa kinga?"

Mukunde akala. Wakasema yeye analala kitanda kimoja na mjomba. Sinia likazunguka. Kila mtu alikuwa ameshiba ghafla. Mmoja ana vidonda vya tumbo, mwingine anafunga, Jumamosi hiyo, baada ya Pasaka! Achille ndipo alipotazama saa akaondoka, na huko nyuma yake nikasikia jembe la kwanza linakita kwenye ukingo. Si la Mugenzi hata, sitakutajia la nani, tunasali pamoja. Udongo ukamegeka, maji yakaanza kutoka membamba kama uzi.

Ndipo Gahongayire, mwenyekiti wetu, akaweka jembe lake chini. Unamjua, yule mama mrefu aliyekulia Karagwe, Kiswahili chake kina adabu kuliko changu. Na unajua pia kwamba hali samaki. Ni wale wafugaji ng'ombe wa zamani wenyewe wasioonja samaki, harufu ya samaki tu inamtoa nyumbani. Ni mwenyekiti wa chama cha samaki na kila tunapovua anasimama upande upepo unapotokea.

Akamwambia yule mwenye jembe, "Baba, ziba kwanza hilo tundu. Nina neno."

Kisha akatuambia jambo ambalo miaka yote hatukuwahi kulisikia. Kule Karagwe, yeye akiwa binti, maziwa ya mama yake yaliganda mapema siku ya sherehe ya jirani, na mtu mmoja akasema ametia kitu. Mama yake alisimama na kibuyu, akanywa mwenyewe, akawaomba waonje. "Hakuonja mtu," akasema. "Wote walikuwa wameshiba. Tulihama kabla ya mavuno, tukiwa na godoro na kuku mmoja. Mama yangu alikufa watu wakinong'ona."

Akanawa mikono kwenye ndoo, polepole, kila kidole. Akajivuta hadi kwenye sinia.

"Tangu nizaliwe, kitu hiki hakijapita koo hili. Bibi yangu alituambia samaki ni nyoka aliyevaa nguo. Leo nitamvua nguo nimwone."

Akamega karibu na kichwa. Natacha, nimeona mengi. Rumonge, kwenye Ziwa Tanganyika, nilivutwa na sangala mmoja na mtumbwi wangu hadi nikaziona taa za Kigoma. Lakini sijawahi kuona kitu kikubwa kama ule mkono ukipanda mdomoni. Alifumba macho. Akatafuna. Uso ukamkunjamana, machozi yakamtoka, nikadhani atatapika na sisi tumekwisha. Akameza. Akamega tena! Akameza tena. Akafumbua macho, akamtafuta Mukunde.

"Mke wa Silvère, nyumbani kwako chumvi imekwisha?"

Watu walicheka kwa namna ambayo sijui kuiandika. Yule aliyekuwa anafunga akafungua. Aliyekuwa na vidonda vya tumbo alilamba sinia. Mugenzi alikula wa mwisho, kipande kidogo cha mkia, akatafuna kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali, halafu akasema, "Kumbe iko tamu." Jumatatu yake alibeba ndoo ya weupe hadi Kabuga, akasimama sokoni akala mmoja mbele ya wateja kabla ya kumuuzia mtu. Hakuniomba radhi wala sikumdai. Soko limerudi, si lote, lakini kila wiki linaongezeka kidogo.

Lakini Gahongayire alipomaliza kunawa alitugeukia. Akasema bwawa linabaki, ila ule mchezo wa Prefe na familia yake umekwisha leo. "Hata ng'ombe hatuwafanyii hivyo. Samaki hao watatafutiwa wachumba nje ya ukoo, tena kwa heshima."

Tukadhani anatania. Katikati ya Mei tulikwenda Rwamagana, kwa mzee Nahimana mwenye mabwawa, tukiwa kwenye pikapu ya kukodi, na mapipa, na kreti ya soda, na Gahongayire amevaa umushanana wa kijani, lile vazi la harusini. Na nani alikuwa msemaji wa upande wa bwana harusi? Usiulize, mama. Nilisimama pale kwenye ukingo wa bwawa la watu nikaeleza ukoo wa Prefe kuanzia babu, nguvu zake, kimo chake, jinsi akigeuka maji yanamwagilia maharage ya jirani. Mzee Nahimana naye mjuzi, hakukubali haraka.

"Binti zetu bado wanasoma," akasema.

"Wataendelea na masomo kwetu," nikasema. "Tuna profesa Ulaya."

"Nimesikia huyo kijana wenu aliwahi kuoa."

Hapo Mukunde alinifinya kwa nguvu hadi leo kuna alama. Nikajibu tu kwamba kijana amebadilika. Wakacheka, tukanywa soda, wakatupa majike kumi na wawili wazuri, mgongo mweusi, tumbo la fedha. Njiani kuja nilikaa nyuma na mapipa, nikiyapulizia hewa kwa pampu ya mkono, na nilipofika kona ya Masaka nikawaimbia ya kuingiza bibi harusi. Watu walitoka majumbani.

Weupe tumewahamishia bwawa dogo la juu, wao peke yao, wanakua vizuri. Mabinti wa Prefe tumewatoa. Prefe yuko na wageni wake, na kwa siku za kwanza alijificha kwenye nyasi kama mkwe mbele ya mama mkwe.

Sasa nikufikishe mahali nilipokuwa nakupeleka tangu mwanzo. Jana asubuhi nilikwenda kuwalisha. Mmoja wa majike wa Rwamagana hakuja kwenye chakula. Nikangoja. Akaja hadi karibu na mguu wangu, akasimama, hakula. Nilipotazama vizuri nikaona mashavu yamejaa na kidevu kimeshuka, na mdomo ameufunga kabisa. Amebeba mayai mdomoni, Natacha. Ataendelea hivyo, bila kula, hadi watoto waweze kuogelea.

Nilichuchumaa pale hadi gambuti zikaingia maji. Nikawaza: humo mdomoni, ndani ya kila punje, hizo ndogo zako ziko kazini wakati huu huu. Ubongo unakunjwa. Mahali pa jicho panatengwa. Mtu fulani anafinywa asiseme weusi hapa, mwingine anaachiwa auseme pale. Hakuna kelele yoyote, maji yametulia tu.

Nilimwita Gahongayire, akaja, safari hii akasimama karibu nami kabisa. Tangu ile siku anakula kipande kila Jumamosi, eti kwa ajili ya kulinda jina la chama, lakini nimeona anavyochagua cha tumbo. Akatazama, akauliza watatoka wa rangi gani. Mugenzi naye akaja akauliza. Wote wananiuliza, kanisani pia. Wewe siku ile ya simu ulisema Prefe akizaa na wa nje huenda wote wakawa weusi na ule ukurasa uliochanika ukajificha tena, lakini hukuapa. Basi na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nianze kuongea, nimewajibu: sijui, tungoje.

Hawakuamini ni mimi. Mukunde alinipima joto.

Gahongayire ameniagiza nikuandikie hivi, na nimeahidi sitaongeza neno: "Mwambie mtoto wetu jina lake hapa ni safi. Aje mwenyewe atuambie tulichopata." Ndivyo alivyosema. Kwa hiyo Julai njoo. Wakati huo watakuwa wameshatemwa majini, wanatosha kushikwa na kutazamwa kwa kile kioo chako cha kukuza. Kama ni weusi, utatueleza. Kama ni weupe, utatueleza vile vile, na tutakuwa tumekaa chini kusikiliza, chama kizima, majembe tumeyaacha nyumbani.

Mama yako anakusalimu sana, amekutengenezea unga wa muhogo wa kurudi nao. Mukunde anakusalimu, anasema upokee simu yake, yeye hana hadithi ndefu. Achille anakusalimu na ana haya kidogo, usimkaripie mno. Mzee Nahimana wa Rwamagana, ambaye sasa ni mkwe wetu, anakusalimu bila kukujua.

Mungu akulinde katika nchi hiyo ya maji, akupe macho ya kuona vidogo na moyo wa kuvumilia wakubwa kama sisi. Akurudishe nyumbani ukiwa mzima, ukaribishwe ulipokosewa.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye leo kuliko jana,

Silvère